Parokia huendeshwa kwa fedha za nani?

Na Mwandishi Wetu, Singida

MISA ya shukrani ya mavuno inapomalizika katika parokia za vijijini mkoani Singida, waumini hawaondoki mara moja. Nje ya kanisa hupangwa magunia ya mtama na alizeti, ndoo za mahindi, vitunguu, mayai na kuku waliofungwa miguu, kisha mnada huanza. Muumini mmoja ametoa kuku, mwingine anamnunua, na fedha zinaingia katika daftari la mweka hazina.

Kwa msomaji wa mjini, aliyezoea kutia noti katika kikapu cha sadaka au kutuma zaka kwa simu, mnada huo unaweza kuonekana kuwa ni burudani ya Jumapili. Kwa parokia, hiyo ni sehemu ya bajeti ya mwaka. Humo hutoka bati la kigango kilichoezuliwa na upepo, mafuta ya pikipiki ya padri na posho ya katekista.

Swali linalofuata ni zito zaidi. Ikiwa parokia inaishi kwa michango ya waumini, je, asiye na cha kutoa ana haki gani siku anapotaka mwanawe abatizwe au baba yake azikwe?

Padri mmoja, vigango vingi

Jimbo Katoliki la Singida liliundwa Machi 25, 1972, kutokana na maeneo yaliyokuwa chini ya majimbo ya Dodoma na Mbulu. Askofu wake wa kwanza, Bernard Mabula, aliliongoza hadi mwaka 1999. Dodoma ilipopandishwa hadhi kuwa jimbo kuu mwaka 2014, Singida iliwekwa katika kanda yake.

Jimbo hugawanywa katika parokia, na kila parokia hukabidhiwa paroko. Vijijini, parokia moja huwa na vigango kadhaa vilivyotawanyika, na kila kigango kina jumuiya ndogondogo za Kikristo. Jumuiya hizo ni kaya chache za jirani zinazokutana kila wiki kusali, kusoma Maandiko na kusaidiana katika ugonjwa na msiba. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976.

Kwa kuwa padri hawezi kufika katika kila kigango kila Jumapili, katekista ndiye anayeongoza ibada ya Neno, kufundisha watoto na wanaojiandaa kubatizwa, na mara nyingi ndiye wa kwanza kuitwa mtu anapofariki. Wengi wao ni wakulima wanaolima mashamba yao siku za kazi.

Mvua ndiyo huamua

Singida ni mkoa wenye ukame wa wastani. Mvua zake ni za msimu mmoja, kwa kawaida kati ya Novemba au Desemba na Aprili. Zikikatika mapema, alizeti na mahindi hunyauka, na kipato cha kaya hupungua. Hakuna haja ya kuwa mtaalamu wa uchumi kutambua kwamba kikapu cha kanisa nacho hupungua mwaka huo huo.

Matumizi, hata hivyo, hayasubiri mavuno. Mchwa hula kenchi za paa iwe mvua imenyesha au la. Divai ya misa, hostia na mishumaa hununuliwa. Mapadri wanapaswa kula. Mifereji ya bati isipokarabatiwa, tangi la kuvunia maji ya mvua hubaki tupu, na katika mkoa huu hasara hiyo huonekana ifikapo Septemba.

Aidha, si kila kinachokusanywa hubaki parokiani. Sadaka ya Ijumaa Kuu hupelekwa kwa ajili ya Nchi Takatifu, na ile ya Jumapili ya Misioni, mwezi Oktoba, huenda katika mfuko wa Kanisa zima wa kueneza Injili.

Zamani mzigo huu ulibebwa kwa kiasi kikubwa na wamisionari na wafadhili wao wa ng'ambo. Wapalotini kutoka Ireland walifanya kazi katika eneo hili, na masista wa shirika la Wamisionari wa Kitabibu wa Maria walianza huduma ya afya Makiungu mwaka 1954. Kadiri mapadri wazalendo walivyoshika parokia na misaada ilivyopungua, neno "kujitegemea", ambalo Watanzania walilizoea tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, lilipata maana mpya kanisani.

Asiyetoa zaka

Hapa ndipo penye utata. Katika parokia nyingi nchini, anayetaka kubatiza mtoto au kufunga ndoa hutakiwa kwanza kutambuliwa na viongozi wa jumuiya yake. Lengo ni jema, kwa kuwa jirani ndiye anayejua kama familia inaishi imani inayoiombea sakramenti. Lakini viongozi haohao ndio wanaotunza kumbukumbu za zaka na michango. Ni rahisi utambulisho wa imani kugeuka kuwa ukaguzi wa madeni.

Sheria ya Kanisa iliyotangazwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1983 haiachi jambo hili gizani. Kanuni ya 222 inawataka waumini kusaidia mahitaji ya Kanisa; kwa hiyo kuchangia ni wajibu. Lakini kanuni ya 848 inamkataza mhudumu kudai chochote kwa ajili ya sakramenti zaidi ya sadaka iliyowekwa na mamlaka halali, na inamtaka ahakikishe kuwa maskini hakosi sakramenti kwa sababu ya umaskini wake.

Kuhusu maziko, kanuni ya 1184 inataja wanaoweza kunyimwa ibada ya Kanisa, wasipoonyesha dalili ya toba kabla ya kufa: walioasi imani waziwazi, wazushi na waliojitenga na Kanisa, waliochagua kuchomwa moto kwa sababu zinazopingana na imani, na wadhambi wa dhahiri ambao kuzikwa kwao kikanisa kungewakwaza waumini. Deni la zaka halimo katika orodha hiyo. Kanuni ya 1181 inaongeza kwamba katika sadaka za maziko pasiwe na upendeleo, wala maskini wasinyimwe maziko yanayostahili.

Julai 2020, Vatican ilirudia msimamo huo katika waraka kuhusu parokia, ikisisitiza kuwa sadaka ya misa ni tendo la hiari na haipaswi kufanywa kama bei au kodi.

Nani hukagua daftari?

Sheria hiyohiyo inamlinda pia mtoaji. Kanuni ya 537 inaagiza kila parokia iwe na kamati ya fedha inayomsaidia paroko kusimamia mali. Kanuni ya 1287 inataka wasimamizi wawape waumini hesabu ya walichotoa, kwa utaratibu uliowekwa na jimbo. Kusoma mapato na matumizi mbele ya waumini, kwa hiyo, si hisani ya paroko.

Pale hesabu zinaposomwa wazi, mkulima aliyetoa debe la mtama hujua lilikoishia. Pale zisiposomwa, mnong'ono huanza, na mwaka unaofuata debe hubaki nyumbani.

Vitabu vyenye faida nje ya kanisa

Parokia hutunza pia vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo. Faida yake huvuka kuta za kanisa. Mtu mzima ambaye kuzaliwa kwake hakukusajiliwa, anapoomba cheti cha kuzaliwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), anaweza kuwasilisha cheti cha ubatizo miongoni mwa vielelezo vyake. Kitabu kilicholiwa na mchwa katika ofisi yenye paa linalovuja kinaweza kumgharimu mtu ambaye alihama kijiji miaka 40 iliyopita.

Ndiyo maana wazaliwa wa Singida wanaoishi Dar es Salaam, Arusha au Mwanza hawapaswi kuona ajabu wanapopigiwa simu kuchangia bati la kigango cha nyumbani. Kuchangia ni jambo jema. Kuuliza bati limenunuliwa kwa bei gani, na kama mjane wa jirani alizikiwa mumewe bila masharti, nako ni haki yao.