Petroli ya Baridi na Hewa Nyepesi ya Singida

Swali hili halikauki vijiweni: petroli ikipozwa kabla haijaingia kwenye kabureta, injini inaongeza nguvu au haiongezi? Wazo lenyewe si la kipuuzi. Kitu kikipoa husinyaa, na petroli hupungua ujazo kwa takriban sehemu moja katika elfu kwa kila nyuzi moja ya joto inayoshuka. Ndiyo kusema lita ya petroli baridi ina uzito zaidi, na palipo na mafuta mengi pana moto mwingi. Huko Marekani, wakimbizaji wa magari ya robo maili walikuwa wakiuzungusha mpira wa mafuta kama springi ndani ya kopo lililojaa barafu, kisha ndipo wauunge na kabureta. Hoja hiyo inavutia, ila imesahau upande wa pili wa kabureta, kule inakoingia hewa. Na ukiipeleka hesabu hiyo Utemini, katika mji wa Singida, upande huo uliosahauliwa ndio unaobeba jibu zima.

Injini haili petroli kavukavu. Kilo moja ya petroli inataka kama kilo 14.7 za hewa ili iungue vizuri. Mji wa Singida uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 15 hivi. Kwa hiyo lita moja ya petroli inayotosheka na zaidi kidogo ya lita 9,000 za hewa jijini Dar es Salaam, ikifika Utemini inadai kama lita 11,000. Silinda nayo haikutanuka njiani. Ujazo wake ni uleule. Bodaboda iliyokuwa ikivuta vizuri Kariakoo inapofika huku inakuwa imepoteza karibu sehemu moja ya saba ya nguvu zake, na hakuna kilichoharibika. Kilichopungua ni pumzi.

Sasa tuipoze petroli yake, tena tuipoze sana, kwa nyuzi 20. Baridi hiyo ikigawanywa kwa kilo karibu 15 za hewa zinazoandamana na kila kilo ya mafuta, hewa itapoa kwa nyuzi 3 tu, na hewa iliyopoa nyuzi 3 huongezeka uzito kwa asilimia 1. Ni sawa na kumimina kijiko cha maji baridi kwenye sufuria ya uji. Kwa injini ya pikipiki yenye nguvu za farasi 8, faida hiyo haifiki hata sehemu ya kumi ya farasi mmoja, na hapo tumehesabu kwa ukarimu. Maana petroli yenyewe hupoza hewa inapogeuka mvuke: ikiyeyuka yote, inaweza kuishusha hewa kwa nyuzi zaidi ya 20. Petroli ya baridi huyeyuka kwa uvivu, hivyo anayeipoza anachuma nyuzi 3 kwa mkono mmoja huku mwingine ukimwaga. Waliounda magari ya zamani walilijua hilo. Land Rover za petroli za miaka ya 1960 zilifungiwa bomba la kuingiza mchanganyiko likigusana na bomba la moshi, na Volkswagen Beetle ilipitishiwa kijibomba cha moshi wa moto chini ya kabureta. Walikuwa wanapasha, hawapozi.

Tena baridi hiyo haifiki mbali. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa lita, kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hutumia mililita 17 kwa dakika, yaani vijiko vitatu vya chai na kitu. Vijiko hivyo vinatuama kwanza kwenye kibakuli cha boya, kilichokaa sentimita chache tu kutoka kwenye silinda inayochemka. Barafu ya aina gani itashinda hapo?

Kuna ubaya mwingine ambao watetezi wa baridi hawautaji. Kabureta hupima mafuta kwa tundu la jeti, na tundu halijui kama limepelekwa Tanga au Singida. Hewa ikiwa nyepesi, jeti iliyochaguliwa kwa ajili ya pwani humwaga mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, kama asilimia 7 au 8 ya ziada. Ndiyo maana plagi hutoka nyeusi, na masizi yake yanapaka kidole kama ya chungu cha kuni. Ukiifanya petroli kuwa nzito zaidi, unamwongezea ugali mtu ambaye tayari ameshindwa kumaliza sahani.

Watu watauliza: mbona pikipiki huenda vizuri alfajiri? Ni kweli inakwenda, ila sifa hiyo ni ya hewa. Hewa ya nyuzi 15 ni nzito kwa asilimia 5 kuliko hewa ya nyuzi 30, na hilo linazidi mara tano kile tulichokipata kwa kupoza mafuta kwa hesabu ya ukarimu. Hata malori yenye turbo yanayopita barabara kuu ya Dodoma na Mwanza yana rejeta ya ziada inayopoza hewa kabla haijaingia kwenye injini.

Wengine watataja mashindano ya Formula One, ambako kanuni zilikataza petroli iliyo baridi zaidi ya nyuzi 10 chini ya joto la hewa ya nje. Kama haina faida, walikataza nini? Mwaka 2007, baada ya mbio za Brazili, magari ya Williams na BMW Sauber yalichunguzwa kwa shaka hiyo, na McLaren wakakata rufaa bila mafanikio. Ubingwa wa mwaka ule uliamuliwa kwa pointi moja. Kwenye mchezo wa namna hiyo hata robo ya asilimia hupiganiwa. Kwa anayebeba abiria na gunia la alizeti, upepo wa mbele wa Singida peke yake unaimeza faida hiyo asiione.

Hoja yenye uzito ni moja, ya petroli kuchemka. Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hadi 40, na mwinuko unashusha kiwango hicho. Gari la zamani lenye pampu iliyofungwa kwenye injini, likipanda Mlima Sekenke na mzigo kwa gia ya kwanza, linaweza kujaza mvuke kwenye pampu, likakohoa na kuzima. Hapo kitambaa kibichi juu ya pampu husaidia kweli. Lakini kinarudisha nguvu iliyopotea, hakiongezi mpya, na dawa ya kudumu ni kuuhamisha mpira wa mafuta mbali na ekzosi. Pikipiki hupata shida hiyo kwa nadra, kwa kuwa tangi liko juu ya kabureta na mafuta yanashuka yenyewe.

Kwa hiyo mwenye bodaboda Utemini anayetaka mvuto aiache barafu kwenye soda. Asafishe chujio la hewa, ambalo vumbi la kiangazi hulijaza upesi, kisha amwombe fundi ashushe sindano ya kabureta ngazi moja au afunge jeti ndogo kidogo. Baada ya siku mbili tatu za kazi aifungue plagi na kuitazama. Rangi inayotafutwa ni ya kahawia, kama chai ya maziwa.