Mikwaruzo ya Gari Jeusi Haifichwi kwa Mafuta

Asiyekuwa na gari jeusi ana raha moja asiyoijua. Gari jeupe husitiri, na la rangi ya fedha husitiri zaidi, lakini gari jeusi ni kama kanzu nyeupe kwenye karamu ya biriani: kila doa lina shahidi wake. Mimi nimelijua jambo hili si kwa kununua gari, maana sikununua, bali kwa kuachiwa amana.

Ndugu yangu mkubwa alipofariki, Mungu amrehemu, aliacha mjane, watoto watatu na gari moja jeusi lililotumika kwanza Japani, kama yalivyo mengi yanayoteremshwa katika bandari yetu ya Kilindini. Mimi ndiye niliyekuwa wasii wake. Jamaa tulikaa kitako tukakubaliana kwamba gari liuzwe na fedha zigawanywe kama sheria inavyotaka, mjane apate thumuni yake na watoto mafungu yao. Kazi yangu ilikuwa kulitunza mpaka apatikane mnunuzi.

Basi nikalitunza. Kila Ijumaa asubuhi nilichota maji ya kisima ndoo moja, nikachukua fulana kuukuu, nikalisugua gari kwa kuzungusha mkono, nikianzia magurudumuni na kupanda mpaka juu ya paa. Siku ambazo maji hayakupatikana, nilipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu. Shemeji alikuwa akinitazama dirishani huku akiniombea dua, nami nikijiona nimefanya jambo.

Siku moja akaja dalali, saa sita za mchana, jua la utosi. Alilizunguka gari mara moja tu, akasimama mbele ya boneti, akaniita kwa mkono. Pale palipong'ara jua palikuwa na duara la nyuzi nyembamba, maelfu kwa maelfu, mfano wa tando la buibui. Nikasogea kushoto, tando likanifuata. Nikasogea kulia, likanifuata.

"Mzee wangu," akasema, "injini ni nzima, lakini rangi imechoka. Mnunuzi akiona haya atakukata shilingi elfu hamsini."

Nilipokunja uso, akanikaribia na kuishusha sauti. "Dawa ipo. Tutalipaka mafuta, litakuwa jeusi kama wanja. Tulioneshe jioni, jua likishatua. Hata likirudi lilivyokuwa baada ya siku tatu, fedha zenu mtakuwa mmekwisha kuzitia mfukoni."

Maneno hayo hayakunikaa vizuri. Tulipokuwa chuoni, mwalimu alituhadithia kisa cha muuza nafaka katika soko la Madina. Mtume (S.A.W.) alitia mkono wake ndani ya rundo, na vidole vikatoka vimerowa: juu pakavu, chini maji. Alivyoambiwa yule muuzaji, kila aliyekaa chuoni anakujua. Nikajiuliza: mali ya mayatima ikiongezwa shilingi elfu hamsini kwa njia hiyo, itakuwa imeongezeka au imepungua? Nikamwomba dalali anipe siku chache.

SI UCHAFU, NI JERAHA

Nilielekezwa kwa fundi mmoja kijana, ambaye kazi yake huifanya chini ya banda la makuti upande wa Kisauni. Hakulitazama gari kama alivyolitazama dalali. Alilitia kivulini, akawasha tochi, akaisogeza polepole juu ya boneti, milango na buti, kama daktari anayetafuta mahali panapouma.

"Mzee, hili tando si uchafu," akasema. "Lingekuwa uchafu lingetoka kwa sabuni. Hii ni mikwaruzo."

Akanieleza, nami nakueleza wewe msomaji. Gari la siku hizi halina rangi moja, bali lina matabaka. Chini kuna rangi ya msingi inayoshika bati, juu yake kuna rangi yenyewe, nyeusi au nyekundu, na juu kabisa kuna vanishi isiyo na rangi ambayo mafundi huiita klia. Klia ndiyo inayong'ara, na ndiyo inayoikinga rangi na jua. Unene wake mara nyingi ni kati ya mikroni 35 na 50, na mikroni 1,000 ndizo zinazofanya milimita moja. Unywele mmoja wa binadamu hufikia kama mikroni 70. Yaani ngozi yote ya gari inayotung'aria machoni ni nyembamba kuliko unywele!

Hapo nikakumbuka mapambo ya dhahabu ya kuchovya. Bibi zetu walikuwa wakikwatua sinia za shaba kwa majivu na ukwaju mpaka mtu ajione uso, kwa kuwa shaba ni shaba mpaka ndani. Lakini kipuli cha kuchovya hawakukisugua hivyo, kwani walijua dhahabu iko juu tu. Magari ya utotoni mwangu yalikuwa kama sinia. Teksi za Peugeot zikisuguliwa, kitambaa kilitoka na rangi ya gari lenyewe, maana nyingi hazikuwa na klia. Ilienea katika miaka ya 1980. Magari ya leo ni kipuli cha kuchovya.

Nikamuuliza kwa nini tando linazunguka jua. Akacheka. Mikwaruzo, akasema, imelala kila upande, lakini inayolirudishia jicho mwanga ni ile tu inayolikabili jua kwa ubavu, ndiyo maana huonekana kama imepanga duara. Na kwa nini nyeusi izidi? Kwa sababu nyeusi humeza nuru, hata uzi mmoja unaorudisha mwanga ukaonekana kama nyota usiku wa kiza. Katika gari jeupe mikwaruzo ileile ipo, ila imepotea kama chumvi ndani ya sukari.

Kisha akauliza swali nililokuwa nikiliogopa: "Nani huliosha?"

Nilinyamaza kidogo. Nikasema, "Mimi."

Hakunicheka. Aliniuliza nilivyoosha, na kila nililolitaja lilikuwa kosa. Nilianza magurudumuni, ambako ndiko kwenye mchanga, kisha nikaupandisha mchanga ule mpaka kwenye paa. Nilitumia ndoo moja, nikachovya fulana ndani ya maji yaleyale niliyokwisha kuyachafua. Nilipangusa vumbi likiwa kavu, na vumbi letu la pwani lina mchanga ndani yake. Nililiacha gari likaukie juani, maji ya kisima yakaacha chumvi na madoa meupe. Nililiegesha chini ya mwarobaini wanakolala kunguru, na kinyesi cha ndege kikikaa juani huila klia.

Mafundi wetu wa mbao zamani walisugua kazi zao kwa majani ya msasa, mti wenye majani makavu yanayoparuza, na jina hilohilo tukaipa karatasi ya kusugulia. Fulana yangu, kumbe, ilikuwa msasa. Kwa muda wote ule nilikuwa nikiila mali ya mayatima kila Ijumaa, huku nikiombewa dua.

KAZI YA SIKU MBILI

Siku ya kwanza fundi hakushika mashini kabisa. Aliliosha gari kwa ndoo mbili, moja ya sabuni maalumu ya gari na moja ya maji matupu ya kusuuzia. Alianza kwenye paa akateremka, na magurudumu yakawa ya mwisho, kwa kitambaa chake mbali. Nikamwambia kwamba hayo ya ndoo mbili hayakunipasa kuyakosa, kwani chuoni tulifunzwa kwamba maji machache yaliyokwisha kutumika hayatahirishi. Akasema, "Basi ami, ulikuwa unajua, ila hukulifikishia gari elimu yako."

Kisha akatoa donge la udongo maalumu, laini, linalofinyangika kama unga wa chapati. Akainyunyizia rangi maji yenye sabuni na kulipitisha donge juu yake bila kulikandamiza. Gari lililokuwa limekwisha kuoshwa likatoa uchafu uliogandamana: vumbi la breki, utomvu, masizi. Donge likianguka chini hutupwa, maana likiokota mchanga linakuwa adui.

Siku ya pili aliziba kwa utepe kingo zote za plastiki na mpira, akatoa mashini. Mashini hizi ni za namna mbili. Moja huzunguka tu, nayo ina nguvu nyingi na moto mwingi; mkono usiojua huunguza klia mara moja. Nyingine huzunguka huku ikiyumba, haichomi upesi, na ndiyo aliyoitumia. Aliivika sponji, akatia matone manne ya dawa, kila moja kiasi cha punje ya mbaazi, akajaribu kwanza mahali padogo kwa dawa iliyo dhaifu kuliko zote alizokuwa nazo. Haikutosha. Akapanda daraja moja, ikatosha, akakomea hapo. "Dawa kali si sifa," akaniambia. "Ukiweza kuponya kwa ndogo, kubwa ya nini?"

Alifanya eneo la shibiri mbili kwa mbili, akaenda polepole kwa mapana kisha kwa marefu, kila mpito ukifunika nusu ya uliotangulia. Kusema kweli, hafuti mikwaruzo. Anaipunguza klia iliyoizunguka mpaka uso uwe sawa. Kila mng'aro unaorudi umelipiwa kwa ngozi kidogo ya gari. Ndiyo maana kazi hii haifanywi kila mwezi.

Alipomaliza eneo la kwanza likawa jeusi kama maji ya kisima usiku. Nilitaka kushangilia, akanizuia. Akachukua spiriti iliyochanganywa na maji, akapangusa pale pale. "Dawa zenyewe zina mafuta," akasema, "na mafuta huziba mikwaruzo ukadhani imetoka. Nikipangusa hivi ndipo ninapojua kama nimefanya kazi au nimejidanganya." Akawasha tochi. Tando halikuwapo.

Nikatazama chupa ya spiriti, nikamkumbuka dalali. Mafuta yaleyale ambayo mmoja alitaka kuyatumia kumficha mnunuzi, huyu alikuwa akiyaondoa ili asijifiche yeye mwenyewe.

Jioni tukafika kwenye mlango wa kulia. Palikuwa na mkwaruzo mmoja mrefu ambao si wangu, wa msumari au wa ufunguo. Fundi akaupitisha ukucha, ukucha ukakwama. "Huu nauacha," akasema.

Nilimsihi. Nilimwambia kwamba gari lote limekuwa kioo, na ule mstari mmoja utatukosesha bei. Akatikisa kichwa. Mkwaruzo unaokwama ukucha umekwenda chini kuliko inavyofaa kusuguliwa; ukitaka kuufikia, utaila klia yote iliyo kandoni mwake, jua litaipiga rangi, itapauka, na hapo mlango mzima utataka kupigwa rangi upya. Kwenye kona na mikunjo alikuwa mwangalifu vivyo hivyo, kwani huko klia huwa nyembamba zaidi. "Ami, atakaye gari lisilo na alama hata moja huishia na gari lisilo na ngozi." Nikanyamaza.

Mwisho akalipaka nta nyembamba. Nta ile hutoka kwenye majani ya mkarnauba, mti wa jamii moja na mnazi wetu, unaoota kaskazini-mashariki ya Brazili. Nta haiponyi mkwaruzo. Ni mwavuli tu, na kwa jua letu mwavuli huo hauna budi kurudiwa kila baada ya miezi michache.

MCHANA KWEUPE

Alipokuja mnunuzi, nilimwomba aje saa sita za mchana. Dalali alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Mgeni alilizunguka gari mara tatu, akainama mbele ya boneti akajiona uso na kofia yake. Nikamshika mkono nikampeleka mwenyewe kwenye mlango wa kulia, nikampitisha ukucha wake juu ya mkwaruzo. Nikamweleza pia kwamba gari limesuguliwa kwa mashini, kwa hiyo asikubali lisuguliwe tena upesi.

Alikata bei kidogo kwa ajili ya mlango. Hakukata kwa jingine lolote. Shemeji alipokea thumuni yake na watoto mafungu yao, na mimi nikalala usingizi ambao nisingeulala kwa shilingi elfu hamsini za mafuta.

Ewe msomaji mwenye gari jeusi, shika haya machache. Mwagia maji mengi kwanza ili mchanga uondoke kabla hujagusa. Anzia juu, tumia ndoo mbili, na sukuma kitambaa kwa mstari, si kwa mzunguko. Usioshee juani. Kausha kwa kitambaa laini cha maikrofaiba, na kikianguka chini kisirudi juu ya gari kabla ya kufuliwa. Kinyesi cha kunguru kiloweshe ukitoe siku hiyohiyo. Na vumbi kavu, tafadhali, liache lilivyo mpaka upate maji.

Gari si la kupambika, kwa mafuta ya kung'ara,
Aibu ikifichika, juani huwa izara,
Sugua kwa uhakika, polepole si papara,
Lililo haki hutaka, mkono wenye subira.