Usukani wa gari lililoinuliwa hutangatanga kwa nini?
MTEREMKO wa Daraja la Nithi, kusini mwa Nkubu, ambako basi lilitumbukia Julai 2022 na kuua zaidi ya watu 30, si mahali pa kujaribia usukani unaotangatanga. Hiyo ndiyo hali ya Land Cruiser ya springi za koili iliyoinuliwa pasipo marekebisho mengine. Ekseli ya mbele huzunguka, na mhimili wa kupindia gurudumu, ambao huinamia nyuma kidogo, husogea kuelekea wima. Mwinamo huo ndio unaonyoosha gurudumu baada ya kona. Kuinua gari sentimita 5 huweza kuupunguza kwa takriban digrii 2. Alaimenti ya kawaida haisaidii, kwani hurekebisha tu matairi yaelekee ndani au nje. Dawa ni bushi zenye tundu lisilo katikati, zinazoirejesha ekseli. Gari likipandishwa zaidi, mikono yenyewe hubadilishwa.