Urejeshaji wa uoto wa kando ya mito

Urejeshaji wa uoto wa kando ya mito ni kazi ya kurudisha mimea ya asili kwenye kingo za mto, kijito au chemchemi ambako mimea hiyo imekatwa, imelimwa, imekanyagwa na mifugo au imesongwa na mimea ya kigeni. Uoto huo hujumuisha miti, vichaka, nyasi, matete na mafunjo. Lengo lake ni kuuwezesha ukingo kufanya tena kazi zake: kushika udongo, kuchuja maji yanayotoka mashambani, kutia mto kivuli, na kuwapa wanyama chakula na makazi.

Kazi hii mara nyingi huchanganywa na upandaji miti wa kawaida, lakini ni vitu viwili tofauti. Mti unaofaa mlimani unaweza kuleta hasara mtoni, na mche uliopandwa mahali ambapo chanzo cha uharibifu hakijaondolewa kwa kawaida hufa. Tena, ukingo wa mto karibu kila mara una mtu anayeutegemea kwa mboga, malisho, mchanga au makazi. Kwa hiyo suala la ardhi ni sehemu ya urejeshaji wenyewe, si jambo la pembeni.

Kazi za uoto wa kando ya mto

Kwanza, mizizi hufunga udongo. Mizizi minene ya miti hushikilia ukingo kwa kina, na mizizi myembamba ya nyasi na matete hushika udongo wa juu. Ukingo usio na mizizi hubomoka wakati wa mafuriko, mto hupanuka na kuwa na kina kifupi, na udongo ulioporomoka huwa tope linalojaza mabwawa na mifereji ya umwagiliaji.

Pili, uoto huchuja maji. Mvua inaponyesha, maji hutiririka kutoka shambani yakibeba udongo, mbolea na kinyesi cha mifugo. Yakikuta nyasi nene hupunguza kasi, na mashapo hutua kabla ya kufika mtoni. Fosforasi nyingi husafiri ikiwa imeshikamana na chembe za udongo, hivyo nayo hubaki hapo. Nitrati huyeyuka katika maji na haizuiliki kwa njia hiyo, ila katika udongo wa ukingo uliolowa na wenye oksijeni kidogo kuna bakteria wanaoigeuza kuwa gesi ya nitrojeni inayorudi hewani.

Tatu, kivuli hupoza maji. Maji baridi hushika oksijeni nyingi kuliko maji ya moto: kwa nyuzi 20 za selsiasi, lita moja ya maji safi huweza kushika takriban miligramu 9 za oksijeni, na kwa nyuzi 30 hushika takriban miligramu 7.5. Kwa samaki wa vijito vya milimani tofauti hiyo ni kubwa.

Nne, uoto hulisha mto. Majani yanayoanguka majini huliwa na kuvu, bakteria na viluwiluwi vya wadudu, ambao nao huliwa na samaki, vyura na ndege. Mizizi na magogo yaliyozama huwa maficho ya samaki wadogo. Ndege kama mdiria huhitaji matawi ya kutua juu ya maji anapovizia samaki.

Sababu za uharibifu

Sababu iliyo ya kawaida zaidi katika Afrika Mashariki ni kilimo kinachofika hadi ukingoni. Udongo wa bondeni una rutuba na unyevu hata wakati wa kiangazi. Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania bustani za namna hiyo huitwa vinyungu, na kwa familia nyingi ndizo zinazotoa mahindi mabichi, maharage na mboga wakati mashamba ya mlimani yamekauka.

Sababu nyingine ni mifugo mingi inayoshuka kunywa maji mahali pamoja, ukataji wa miti kwa ajili ya kuni na mkaa, uchimbaji wa mchanga, ufyatuaji na uchomaji wa matofali, na ujenzi wa nyumba katika miji. Uchepushaji wa maji mengi kwa umwagiliaji nao huua uoto, kwa sababu miti ya kando ya mto hutegemea maji yaliyo karibu na uso wa ardhi.

Mikaratusi na mimea mingine ya kigeni

Mkaratusi, wenye asili ya Australia na visiwa jirani, hupendwa kwa sababu hukua upesi na hutoa nguzo, mbao na kuni. Viwanda vya majani ya chai hutumia kuni zake kukaushia chai. Tatizo huanza unapopandwa kando ya maji, kwani hukua kwa kutumia maji mengi.

Jaribio linalotajwa sana lilifanyika Mokobulaan katika jimbo la Mpumalanga, Afrika Kusini, ambako bonde dogo la nyasi lilipandwa mikaratusi. Katika mwaka wa 9 baada ya kupandwa, kijito cha bonde hilo kilikauka kabisa. Miti ilikatwa ilipofikisha miaka 16, lakini kijito hakikurudia kutiririka mwaka mzima hadi ilipopita miaka 5 mingine. Jaribio hilo linaonyesha kwamba maji huweza kurudi, ila si mara moja.

Nchini Kenya, mwaka 2009 waziri wa mazingira John Michuki aliagiza mikaratusi iliyopandwa karibu na vyanzo vya maji ikatwe. Agizo hilo lilipata upinzani kwa wakulima ambao miti hiyo ilikuwa akiba yao ya fedha.

Mimea mingine ya kigeni inayosumbua kando ya mito ni muwati (Acacia mearnsii), lantana (Lantana camara) na mathenge (Prosopis juliflora). Mathenge uliletwa katika maeneo makavu ya Kenya kuzuia jangwa, kisha ukaenea wenyewe, pamoja na kandokando ya mto Tana.

Afrika Kusini ilianzisha mwaka 1995 mpango wa taifa uitwao Working for Water, unaoajiri watu maskini wasio na kazi kuondoa mimea ya kigeni, hasa katika mabonde ya mito. Funzo moja kuu la mpango huo ni kwamba kukata mara moja hakutoshi. Mbegu za muwati hukaa hai ardhini kwa miaka mingi na huota kwa wingi baada ya miti kukatwa au kuchomwa. Eneo lisilofuatiliwa huweza kuwa na msitu mzito wa muwati kuliko ule wa mwanzo.

Hatua za urejeshaji

1. Kutambua chanzo. Kabla ya kupanda chochote hutakiwa kujulikana kwa nini uoto ulitoweka. Ukingo ulioharibiwa na ng'ombe unahitaji suluhisho tofauti na ule uliobomolewa na wachimba mchanga.

2. Kuondoa chanzo. Mifugo hutengewa malambo au mabirika ya kunyweshea mbali na mto, au njia moja ya kushukia iliyoimarishwa kwa mawe. Eneo huzungushiwa wigo. Mimea ya kigeni hukatwa, na visiki vyake hung'olewa au kuuliwa ili visichipue.

3. Kutafuta mfano. Kipande cha mto huohuo ambacho hakijaharibiwa, au msitu wa jadi uliohifadhiwa na wenyeji kwa matambiko, huonyesha ni mimea ipi inayostahili na inakaa wapi. Wazee wa mahali hukumbuka pia miti iliyokuwapo.

4. Kuiacha ardhi ijirudie inapowezekana. Mara nyingi mbegu na visiki hai bado vipo, na ndege na popo huleta mbegu nyingine. Machipukizi ya visiki yakipunguzwa na kulindwa, hukua upesi kuliko miche kwa sababu tayari yana mizizi mirefu. Mkoani Dodoma njia hii ya kulea machipukizi hujulikana kama Kisiki Hai.

5. Kupanda pale ambapo ardhi haiwezi kujirudia. Miche hupandwa mwanzoni mwa mvua ili ishike mizizi kabla ya kiangazi. Katika sehemu ya chini kabisa, inayofunikwa na mafuriko, hutangulizwa nyasi na matete, maana miche ya miti husombwa kwa urahisi.

6. Kutunza na kupima. Palizi, kumwagilia na kujazia miche iliyokufa huendelea kwa miaka 2 hadi 3. Mafanikio hupimwa kwa miche iliyo hai, si kwa idadi ya miche iliyopandwa siku ya sherehe.

Mimea inayofaa

Ukingo wa mto una ngazi, na kila ngazi ina mimea yake. Majini na kwenye tope hukua mafunjo (Cyperus papyrus) na matete (Phragmites). Juu kidogo hukua mkindu (Phoenix reclinata), ambao majani yake hutoa ukindu wa kusukia mikeka na vikapu.

Kwenye ukingo wenyewe hukua mkuyu (Ficus sycomorus), wenye mizizi mipana na matunda yanayoliwa na ndege, popo na tumbili. Mkuyu huweza kuzalishwa kwa vipande vya matawi. Hukua pia mizambarau ya asili (Syzygium guineense na Syzygium cordatum), na mnwamaji (Trichilia emetica), ambao jina lake linaeleza mahali unapopenda. Mbegu za miti hiyo hufa upesi zikikauka, hivyo hupandwa zikiwa mbichi.

Katika nchi kavu, kingo za mito ya mchanga huwa na aina ya mgunga (Faidherbia albida) ambayo hupukutisha majani wakati wa mvua na kuwa na majani wakati wa kiangazi. Maganda yake huliwa na mifugo. Milimani, mwanzi wa asili (Yushania alpina) hufunika mabonde ya mito inayoanzia huko.

Sheria na ardhi ya wakulima

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au bahari. Kanuni za maji za Kenya za mwaka 2007 ziliweka upana wa kuanzia mita 6 hadi mita 30 kila upande, kulingana na upana wa mto. Nchini Uganda, kanuni za mwaka 2000 ziliweka mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa na mita 30 kwa mito mingine.

Hesabu ndogo inaonyesha uzito wa vipimo hivyo. Chukua shamba la karibu ekari moja, lenye mita 40 kando ya mto na mita 100 kuelekea mlimani, yaani mita za mraba 4,000. Kipimo cha mita 60 huchukua 40 × 60, yaani mita za mraba 2,400. Mkulima hubaki na asilimia 40 ya shamba lake, na sehemu inayoondoka ndiyo yenye rutuba na unyevu. Mkulima mwenye ekari 50 hupoteza kiasi kidogo tu.

Mjini suala huwa la makazi. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliua watu zaidi ya 200 nchini Kenya. Serikali iliamuru watu waliokaa ndani ya mita 30 kutoka mitoni wahame, na nyumba nyingi zilibomolewa katika mitaa ya mabanda ya Nairobi kama vile Mathare na Mukuru. Waliokuwa katika hatari kubwa ya maji walikuwa pia wasio na mahali pengine pa kwenda.

Kwa sababu hiyo miradi hutafuta njia ambayo mwenye shamba hapotezi kila kitu: kuweka ngazi ya nyasi za malisho zinazokatwa bila kulima, kupanda mikindu na miti ya matunda ya asili, kufuga nyuki, au kuondoa kilimo kwa awamu. Mkulima anayevuna kitu ukingoni ana sababu ya kulinda miche. Anayenyang'anywa ukingo bila fidia huweza kurudi kulima walinzi wakiondoka.

Mipaka ya kazi hii: mfano wa Ruaha Mkuu

Uoto hauwezi kurudisha maji ambayo yamechukuliwa kabla hayajafika. Mto Ruaha Mkuu, tawimto la Rufiji, hupokea mito ya Nyanda za Juu Kusini katika tambarare za Usangu, kisha hupita kwenye eneo oevu la Ihefu. Maji hutoka Ihefu kwa kupita juu ya kizingiti cha mwamba mahali paitwapo Ng'iriama. Ihefu ni kama beseni lenye mdomo: maji yakishuka chini ya mdomo, hakuna yanayotoka, hata kama beseni halijakauka.

Mwaka 1993, kwa mara ya kwanza inayojulikana, mto huo uliacha kutiririka kwa muda wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na hali hiyo imejirudia tangu wakati huo. Sababu kubwa ni maji yanayochepushwa juu ya Ihefu, hasa kwa mashamba ya mpunga. Mwaka 2006 serikali iliamua kuwahamisha wafugaji wa Usangu pamoja na mifugo yao, lakini mto uliendelea kukauka katika miaka iliyofuata.

Kupanda miti kwenye kingo za Ruaha ndani ya hifadhi kusingeondoa sababu hiyo. Huko kazi ya kwanza ni kugawana maji ya kiangazi: kufunga mifereji mpunga usipokuwa shambani, kuzuia uvujaji, na kuacha kiasi cha kutosha kupita Ng'iriama. Uoto wa vijito vya juu husaidia kupunguza tope na kulinda chemchemi, na miti ya kingo za chini huweza kuendelea kuishi yenyewe mradi maji yawafikie wote wanaoyategemea, watu na wanyama.