Tusome Anga (3): Galaksi Zinazopandana Bila Kugusana

Wiki iliyopita tulisema galaksi ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota, na Jua letu ni mojawapo katika Njia ya Maziwa. Leo tutazame galaksi zinazolaghai macho.

Ukisimama tambarare ya Kwakoa, wilayani Mwanga, jioni na kutazama magharibi, migongo ya milima ya Upare huonekana imeshikana kama ukuta mmoja. Mpandaji ndiye ajuaye mabonde yaliyo katikati. Ndivyo ilivyo galaksi iitwayo NGC 3314, katika kundinyota la Shuja. John Herschel aliiona mwaka 1835 akiwa Rasi ya Tumaini Jema, na orodha ya wanafalaki iitwayo NGC ikaipa namba moja tu. Kumbe ni mbili: ya mbele iko umbali wa miaka ya nuru milioni 117 hivi, ya nyuma milioni 140. Hazigongani, zimekaa tu kwenye mstari mmoja wa macho yetu.

Upandano huo una faida. Vumbi la galaksi ni gumu kupimwa, lakini ikiwapo galaksi nyingine nyuma yake, nuru hulipenya na kupungua. Ni kama kuinua kanga mbele ya taa: palipo pazito hujitokeza penyewe, na upungufu wa nuru ndio kipimo.

Jozi hizi ni adimu, na waliosaidia kuzitafuta si maprofesa pekee. Tangu 2007, watu wa kawaida wamekuwa wakichambua picha za galaksi kwa intaneti katika mradi wa Galaxy Zoo. Mwaka 2013 William Keel na wenzake walichapisha orodha ya jozi 1,990 iliyotokana na kazi hiyo. Wanafalaki wa ridhaa nao huzipiga picha kwa darubini zao wenyewe: picha nyingi za dakika chache chache, kisha kompyuta huzijumlisha kuwa moja.

Hapo ndipo Kwakoa inapoipita London. Kule, NGC 3314 haipandi zaidi ya nyuzi 11 juu ya upeo; hapa hufika nyuzi 66. Katikati ya Mei, masika yakipungua, huwa kileleni kama saa moja na nusu usiku. Macho matupu hayaioni. Inahitaji darubini na kamera. Walimu wa sayansi wa Mwanga na Same, giza mnalo tayari. Anzeni kuitafuta darubini.