Lenga-lenga na udongo wa Lubumbashi



Siku ya sadaka ya mavuno, wamama huleta kanisani vikapu vya lenga-lenga, matembele na sombe. Kisha wanatuuliza: «Pasta, mboga hizi ni salama kwa watoto?» Swali hilo linastahili jibu la kweli.

Tanuru la shaba la Lubumbashi lilianza kazi mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji wenyewe kuanzishwa. Kwa miaka mingi moshi wake ulibeba vumbi la shaba, kobalti, zinki, risasi, kadimiamu na aseniki. Upepo wetu wa kiangazi huvuma kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo vumbi hilo liliangukia zaidi kaskazini-magharibi, hasa upande wa Penga-Penga, ambako miti ilikufa na ardhi ikabaki uchi. Moshi hupeperuka, lakini metali haziozi. Zingali udongoni.

Mmea hunywa maji kwa mizizi, na pamoja na maji hunywa kilichoyeyuka ndani yake. Shaba kidogo inauhitajika ili mmea ukue; ikizidi ni sumu. Kadimiamu haiufai kitu, lakini huipokea kwa urahisi na kuiweka kwenye majani. Ndiyo sababu mboga za majani hutia shaka kuliko punje za mahindi. Mwilini, kadimiamu hudhuru figo, na risasi hudhuru akili za watoto.

Tufanye nini basi? Kuosha mboga kwa maji safi huondoa vumbi lililo juu ya majani, si kilichoingia ndani. Wala moto wa jikoni haukiondoi. Udongo wenye asidi huachilia metali zaidi, kwa hiyo chokaa husaidia. Mboji na samadi nazo huzishika nyingi zisipande. Aliye karibu na tanuru alete udongo kutoka mahali safi, ainue matuta yake.

Hatuwaambii wamama waache kulima. Bustani ndiyo inayolipa masomo ya watoto wao. Lakini tukijua hatari tukanyamaza, tunamwuzia jirani kile tusichotaka kuwalisha wana wetu. Makanisa yenye kiwanja mbali na moshi yawape wajane sehemu walime. Huo nao ni utumishi.