Faili Imekataa Kwenda kwa Kompyuta? Irekebishe Bila Kumpa Mtu Simu Yako

Stetimenti yako iko kwa simu, printa iko kwa saiba. Kati yao ni meza moja tu, lakini faili imekataa kuvuka. Unatuma mara ya kwanza, simu inasema imeshindwa. Unatuma tena, kompyuta haionekani kabisa. Foleni nyuma yako inazidi kuwa ndefu, na mhudumu ananyoosha mkono: "Leta hiyo simu nikusaidie, mama."

Wahudumu wengi ni watu wema, wanataka tu kazi iende. Lakini simu hiyo ndiyo pochi yako. Ina laini yako, SMS zako za pesa, na pengine hata picha ya kitambulisho chako. Ukiipeana ikiwa imefunguliwa, umepeana funguo zote kwa pamoja. Ndiyo maana leo tunakuonyesha jinsi ya kuhamisha faili mwenyewe, na cha kufanya inapokwama.

Hitaji hili liko kila pembe ya Kisii na Nyamira. Mkulima wa majani chai wa Nyansiongo anaombwa stetimenti ya miezi sita kabla SACCO haijampa mkopo. Mweka hazina wa chama pale Keroka anataka kuwaonyesha wanachama michango ya mwaka mzima. Mchongaji wa Tabaka ana picha za vinyago vya mawe za kumtumia mnunuzi. Na kila mwaka, 30 Juni ikikaribia, watu hukimbilia saiba kufaili ritani za KRA kabla siku ya mwisho haijapita.

Kwanza, jua unatumia njia gani

Bila waya, faili husafiri kwa njia mbili kubwa: Bluetooth na Wi-Fi. Zote mbili hazihitaji bando ikiwa simu na kompyuta zinaongea moja kwa moja.

Bluetooth ni ya pole pole. Stetimenti ya PDF, ambayo mara nyingi ni ndogo, itafika kwa sekunde chache. Lakini video ya MB 100 inaweza kuchukua dakika 7 au zaidi, na ukisogea mbali kidogo inakatika. Fanya kazi ndani ya mita chache, vifaa vikiwa vimewekwa juu ya meza.

Wi-Fi ina kasi zaidi, kwa hivyo picha nyingi na video zipitishe huko.

Bluetooth: vimeungana lakini faili haiendi

Hili ndilo swali tunaloulizwa sana. Mara nyingi simu haina shida yoyote. Kompyuta ya Windows haipokei faili ya Bluetooth mpaka iambiwe isubiri. Fuata hatua hizi:

1. Washa Bluetooth kwa simu na kwa kompyuta. Fungua ukurasa wa Bluetooth kwa vifaa vyote viwili na uuache wazi, kwa sababu ukifungwa kifaa huacha kuonekana.
2. Unganisha. Nambari ya tarakimu sita itatokea kwa skrini zote mbili. Zikifanana, kubali. Zisipofanana, kataa, maana huenda umeshika kompyuta ya mtu mwingine.
3. Kwa kompyuta, kwenye mipangilio ya Bluetooth, tafuta maneno "Send or receive files via Bluetooth", kisha uchague "Receive files". Sasa kompyuta inasubiri.
4. Ndipo utume faili kutoka kwa simu.
5. Ikifika, kompyuta itauliza iihifadhi wapi. Angalia vizuri ni folda gani, kwa sababu utarudi kuifuta.

Ukiruka hatua ya tatu, simu itasema imeshindwa kila mara, hata ukituma mara kumi.

Bado inakataa? Jaribu haya kwa mpangilio. Zima hali ya kuokoa betri, kwani inaweza kubana Bluetooth. Angalia kama kompyuta ina nafasi ya kuhifadhi. Kisha ondoa muungano wa zamani pande zote mbili, kwa simu na kwa kompyuta, uanze upya. Ukiondoa upande mmoja tu, ule mwingine bado unakumbuka muungano uliokufa, na hapo ndipo watu hukwama.

Kama hakuna kitufe cha Bluetooth kabisa kwa kompyuta, usipoteze muda. Kompyuta nyingi za mezani, hasa za zamani, hazina kifaa hicho ndani. Nenda njia nyingine.

Na kama uko mahali penye watu wengi, mfano karibu na soko la Daraja Mbili, orodha inaweza kukuletea Tecno tano na Infinix nne. Yako ni gani? Ingia kwa mipangilio ya Bluetooth ubadilishe jina la simu yako. Lakini usitumie jina lako kamili wala nambari ya simu, kwa sababu kila aliye karibu anaweza kulisoma.

Quick Share: kwa picha na faili kubwa

Simu nyingi za Android zina Quick Share. Ukikumbuka ile Nearby Share ya Google iliyoanza 2020, ni hiyo hiyo. Mwaka wa 2024 Google na Samsung waliunganisha huduma zao chini ya jina hili moja. Kwa kompyuta, inahitaji Windows 10 au mpya zaidi, na programu yake lazima iwekwe kwanza. Ipakue kutoka kwa tovuti rasmi ya Android pekee.

Ikikwama, kagua mambo matatu:

- Bluetooth na Wi-Fi ziwe zimewashwa zote mbili, kwa simu na kwa kompyuta. Bluetooth hutafuta kifaa, Wi-Fi hubeba mzigo. Ukizima moja, kazi inalala.
- Kwa simu za Android, washa pia huduma ya mahali ulipo.
- Angalia nani anaruhusiwa kukuona. Kama kompyuta imewekwa ipokee kutoka kwa vifaa vya mwenyewe tu, yako haitaiona. Iruhusu kila mtu kwa muda, kisha uirudishe ilivyokuwa baada ya kutuma.

Hapa kuna jambo moja linalochanganya wengi. Quick Share inaweza kukuonyesha nambari ya tarakimu nne na kuiita PIN. Hiyo si PIN yako ya pesa. Ni nambari ya muda ya kukusaidia kuhakikisha vifaa ni vile vile. Kazi yako ni kuilinganisha tu. Hakuna Bluetooth, hakuna Wi-Fi, hakuna kompyuta yoyote duniani inayohitaji PIN yako ya pesa ili ipokee faili. Mtu au skrini ikikuomba uiandike, simamisha kila kitu hapo hapo.

Mko Wi-Fi moja, na bado hamwonani

Umeingia Wi-Fi ya saiba, kompyuta pia iko hapo, lakini hakuna kinachoonekana. Mara nyingi hii si hitilafu. Mitandao mingi ya umma hupangwa ili wateja wasionane, kusudi mgeni wa meza ya pili asichungulie faili zako. Ni ulinzi mzuri, na tusingependa uuzime.

Kama kompyuta ni yako, suluhisho ni hotspoti ya simu yako. Iwashe, unganisha laptopu yako kwayo, kisha utume faili. Faili yenyewe haili bando kwa sababu haitoki nje kwenda intaneti. Lakini kuwa makini: laptopu ikiona intaneti inaweza kuanza kupakua masasisho makubwa, na bando lako la wiki likaisha kabla ya chai. Zima data ya simu kwanza, hotspoti ikiruhusu, ama kwa Windows uwashe "Metered connection" kwa mtandao huo.

Kitu kingine: Windows huuliza kama mtandao ni wa umma au wa faragha. Nyumbani chagua faragha, ndipo vifaa vyako vionane. Kwa saiba, hotelini au chuoni, acha umma.

Wenye iPhone

iPhone haitumi faili kwa Bluetooth kwenda kwa kompyuta ya Windows, hata uunganishe vipi. AirDrop nayo imetengenezwa kwa vifaa vya Apple. Tumia kebo au njia tutakayotaja hapa chini.

Yote yamekataa. Sasa nifanye nini?

*Kebo.* Ni njia ya zamani lakini haina maneno mengi. Kama simu inachaji tu na faili hazionekani, shusha arifa za simu uchague kuhamisha faili. Ikikataa bado, badilisha kebo, kwani kuna kebo za kuchaji tu. Kumbuka pia kwamba ukiruhusu kuhamisha faili, kompyuta inaona picha na faili zako zote. Kwa saiba, chomoa mara tu faili yako ikifika.

*Barua pepe.* Usiingie kwa akaunti yako kwenye kompyuta ya saiba. Tuma kutoka kwa simu yako kwenda kwa anwani ya saiba. Faili itafika, nenosiri lako litabaki nawe. Kisha uombe ujumbe ufutwe ukiona.

*WhatsApp ya kompyuta.* Inafanya kazi haraka, lakini ndiyo inayoacha mlango wazi zaidi. Kompyuta uliyoiunganisha inaendelea kusoma jumbe zako hata ukienda nyumbani na simu ikizimwa. Mtu anaweza kuwaandikia jamaa zako akijifanya wewe: "Nitumie elfu mbili, nitarudisha jioni." Ukiitumia lazima, fungua kwa simu orodha ya vifaa vilivyounganishwa na uondoe kila usichokijua.

Programu za kubeba faili unazotumiwa na rafiki, zile za APK, ziache. Hata zile maarufu zimewahi kuwa na mashimo. Februari 2021 kampuni ya usalama ya Trend Micro ilitangaza udhaifu ndani ya SHAREit ya Android, na waliotengeneza wakasema baadaye wameurekebisha. Pakua programu kwa duka rasmi, na uzisasishe.

Kabla hujainuka kwa kiti

Watu wengi hujitahidi kutuma, kisha wakishaprinti wanaondoka. Faili inabaki pale kwa folda ya Downloads, pamoja na za watu wengine ishirini. Fikiria ndani ya stetimenti kuna nini: jina lako, nambari yako ya simu, uliyemtumia pesa, kiasi, tarehe, na salio.

Tapeli akiipata, haihitaji PIN yako ili aanze kazi. Atakupigia: "Tunapiga kutoka huduma kwa wateja. Jumanne ulituma shilingi 4,500, muamala una shida." Kila anachosema ni kweli, kwa hivyo unamwamini. Swali la tatu ndilo la PIN. Hivyo ndivyo faili iliyosahaulika inavyogeuka pesa iliyopotea.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa:

1. Kama PDF imefungwa kwa nenosiri, liandike mwenyewe. Usilitamke kwa sauti.
2. Hakikisha nakala isiyo na nenosiri haijahifadhiwa. Mtu anaweza kufungua PDF yako, kisha akahifadhi nyingine iliyo wazi kabisa.
3. Futa faili kutoka kwa folda ilipohifadhiwa, kisha uifute pia kwa pipa la takataka la kompyuta.
4. Ondoa muungano wa Bluetooth kwa simu na kwa kompyuta.
5. Toka kwa WhatsApp, barua pepe, eCitizen na iTax.
6. Zima Bluetooth na hotspoti yako.
7. Karatasi iliyoharibika kwa printa, ondoka nayo.

Usione haya kumwambia mhudumu, "Naomba tufute faili yangu." Ni haki yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka wa 2019 inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumiwa vipi, na wenye saiba wanaofanya kazi vizuri hawatakasirika. Wengine watakufutia kabla hujaomba.

Na kama ulishapeana simu?

Usijilaumu, chukua hatua. Badilisha PIN yako ya pesa leo, na nambari ya kufungua simu. Angalia vifaa vilivyounganishwa kwa WhatsApp. Pitia miamala ya karibuni, na uangalie kama kuna programu mpya usiyoijua. Ukiona chochote kisichoeleweka, tupigie mara moja kwa nambari rasmi iliyo ndani ya programu yetu, si ile uliyotumiwa kwa SMS. Kadiri unavyowahi, ndivyo tunavyoweza kusaidia.

Mara ya kwanza hatua hizi zitakuchukua dakika kumi. Ya pili, dakika mbili. Mfundishe pia mzazi wako kule nyumbani, kwani yeye ndiye anayeambiwa "leta simu" mara nyingi kuliko wewe. Mhudumu akitaka kusaidia, mshukuru na umwombe aelekeze kwa mdomo, vidole viwe vyako.